Gari la Jicho Moja Halimbebi Dorika

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema. Kama uko Manyoni mjini, kama uko Itigi, Sepuka au Kiomboi, kama umekaa kwenye kibanda chako pembeni ya lami unasubiri wateja, sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka dereva.

Tuanzie Jumamosi iliyopita. Msafara wa mazishi ulikuwa tayari kuondoka stendi ya Manyoni kwenda Kilimatinde. Jeneza limeshapakiwa. Kwaya imeshapanda. Mchungaji yuko makaburini anasubiri. Msafara ukakwama. Hakuna askari aliyeusimamisha, wala mvua haikunyesha. Aliyeusimamisha ni marehemu mwenyewe.

Marehemu huyo ni Dorika Alute. Dorika Alute, dereva wa stendi ya Manyoni. Amefariki kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Ameacha binti, Loyce. Ameacha wajukuu. Na ameacha ukuta mmoja mweupe, ambao usiusahau, kwa sababu tutaurudia.

Dorika alizaliwa Sepuka, kwa wakulima wa mtama na alizeti. Alikuja Manyoni kama bibi harusi. Mume wake, Chediel, alikuwa Mgogo wa Kilimatinde, mfanyakazi wa reli. Kazi ya Chediel ilikuwa ishara. Mchana anashika bendera, giza likiingia anashika taa ya mkono.

Loyce anaikumbuka taa hiyo. Anasema, "Baba hakuwa anakula kabla hajapangusa kioo cha ile taa. Mama anamwambia ugali unapoa. Baba anajibu, 'Mama Loyce, treni nzima inaniamini mimi. Ugali utanisamehe.'"

Chediel alitangulia mbele ya haki Loyce akiwa shule ya msingi. Taa yake ilibaki imening'inia kwenye msumari, mlangoni. Dorika aliipangusa kila Jumapili, ingawa haikuwa na mafuta.

Udereva alijifunza ukubwani, kwenye trekta la jirani, msimu wa kuvuna alizeti. Alianza kwa kulisogeza kutoka shamba hadi shamba. Akaishia kulipeleka mjini mwenyewe, tela limejaa magunia, kanga kaifunga kichwani. Miaka ikapita. Akauza alizeti zake, akanunua gari dogo la abiria. Siku alipoingia nalo stendi ya Manyoni, alikuwa mwanamke peke yake kwenye foleni.

Dereva mmoja, Ezekieli, alikuwa ameegemea gari lake anachokoa meno. Akamwambia, "Shemeji, umepotea? Soko la mboga liko kule."

Dorika akateremsha kioo. "Nimeliona, shemeji. Nimepita kuchukua abiria wako niwapeleke."

Stendi nzima ilicheka. Ezekieli naye alicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa, wasikilizaji, tuliangalie gari lenyewe. Lilikuwa moja ya yale magari ya duara, mgongo umevimba, ambayo madereva wetu waliyaita Kanga, kwa sababu yakitembea barabara ya vumbi yanatikisa mkia kama kanga wa porini. Yalikuja kutoka nje, yameshatumika. Yalikuwa na nguvu. Yalikuwa hayana njaa ya mafuta. Kwa muda mfupi karibu nusu ya magari madogo ya stendi yalikuwa Kanga. Kampuni iliyoyatengeneza hatutaitaja hapa. Tunamtaja Dorika.

Ajali ilitokea kwenye mteremko wa Kilimatinde, pale barabara inapoacha kijiji na kushuka bondeni kutafuta lami ya Dodoma. Jua lilikuwa limeshazama, wekundu bado uko juu ya vichaka. Dorika alikuwa na abiria. Kiti cha mbele alikaa Philipo, mfanyabiashara wa kuku, na tenga la kuku juu ya gari. Dorika aliwasha taa za mbele, akaweka fuli, mwanga wote, kwa sababu kona za pale hazimtanii mtu.

Kona ya pili, Philipo akasikia, "Ka!"

Giza.

Taa zote mbili, kwa pamoja. Hazikufifia kwanza. Hazikupepesa. Zilikuwapo, hazipo. Dorika alishika usukani, akakanyaga breki, akalielekeza gari upande wa mlima, mbali na korongo. Likapanda kichuguu, likasimama limeinua pua. Tenga likapasuka. Kuku wa Philipo wakaingia porini wakipiga kelele, na wengine mpaka leo hawajulikani walipo. Philipo mwenyewe alivunjika mguu. Hakuna aliyekufa. Narudia: hakuna aliyekufa, kwa sababu dereva alichagua kichuguu akaacha korongo.

Lakini watu hawakulisema hilo. Walisema jingine.

Tuseme ukweli, wasikilizaji wapendwa, maana sote tunasafiri. Madereva wetu wana mchezo mbaya mteremkoni. Wanazima injini, wanaachia gari liteleze lenyewe, mafuta yabaki. Wapo wanaozima hata taa ili betri isichoke. Kila mtu anaujua mchezo huo. Kwa hiyo Dorika aliposema, "Taa zimezima zenyewe," stendi ilitazamana.

Philipo, mguu umefungwa hogo la plasta, jeupe kama chokaa, aliwaambia wote waliokwenda kumwona, "Nilisikia kwa masikio yangu. Alibonyeza swichi. Ka! Alikuwa anabana betri, na mimi ndiye niliyebanwa."

Gari lilivutwa hadi kwa Benjamin, fundi umeme wa magari, karakana yake iko nyuma ya stendi. Benjamin akawasha taa. Zikawaka. Akazima, akawasha. Zikawaka.

"Zinawaka, dada."

"Sasa hivi zinawaka. Juzi zilizima."

"Dada Dorika, gari halina juzi. Gari lina sasa."

Mwenyekiti wa madereva, mzee Mazengo, akamwita. Alikuwa mtu wa haki, na haki yenyewe ilimuuma kuisema. "Binti yangu, tumeondoa zamu yako. Abiria wanaogopa. Labda baadaye."

"Shikamoo, mzee," Dorika alisema, kama mtu anayeaga. Akachukua funguo zake akatoka.

Hapo ndipo tunapomwona Dorika vizuri. Angeweza kuuza gari. Angeweza kulia. Jirani yake Aneth anasema alimkuta amekaa mlangoni, taa ya Chediel mapajani, anaipangusa, na haikuwa Jumapili. Akamwambia, "Aneth, wanasema nimezima taa. Mimi! Mke wa Chediel!" Mguu wa Philipo ulimuuma, lakini neno hilo lilimuuma zaidi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: wakiri kwamba hakuzima taa yeye.

Basi alifanya hivi. Jioni moja alilirudisha Kanga nyumbani, akaligeuza litazame ukuta wa jiko. Akawasha injini, akawasha fuli, akaingia jikoni kusonga ugali. Mwanga ukajaa ukutani, miduara miwili. Akasonga. Akaandaa mlenda. Alipokuwa anaosha mwiko akasikia, "Ka!" Ukuta ukawa mweusi.

Aneth anasema alisikia mwenzake akipiga kigelegele peke yake, akadhani kuna mgonjwa wa familia amepona.

Dorika akakaa, akasubiri. Gari likapoa. Akabonyeza swichi, taa zikawaka kama hazijawahi kukosea. Sasa alijua kwa nini kwa Benjamin ziliwaka. Ugonjwa wa gari lile ulikuja na joto. Ukilipeleka kwa fundi, limeshapoa njiani na limeshapona.

Kesho yake alirudi stendi. Hakwenda kuomba zamu. Alikwenda kutazama. Alipita kwenye Kanga moja baada ya nyingine, anasalimia, anachungulia dirishani. Na chini ya dashibodi za Kanga hizo akaona kitu kilekile: swichi ndogo ya kubandika, na waya mwekundu unaoingia gizani.

"Shemeji Ezekieli," akauliza, "swichi hiyo ya nini?"

"Ya honi."

"Piga honi tusikie."

Ezekieli akatazama pembeni. "Naokoa betri."

Wasikilizaji wapendwa, mmeelewa? Taa zao pia zilikuwa zinazima. Kila mwenye Kanga alikuwa ameshawahi kubaki gizani barabarani, akashika kifua, akamshukuru Mungu wake. Na kila mmoja alinyamaza. Kwa nini? Kwa sababu kwetu gari likisemwa lina mkosi, abiria wanaliruka. Kwa sababu angeambiwa anabana betri. Ezekieli alikuwa ameshafunga hirizi chini ya usukani, akidhani mwenzake wa foleni amemwendea kwa mganga. Na huyo mwenzake naye alikuwa anamdhania hivyohivyo yeye. Kila mtu alikuja kwa Benjamin peke yake, saa ya watu kula, akasema, "Fundi, iwe siri." Benjamin akamvutia waya wa dairekti kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, akakwepa mfumo wa kiwanda. Taa hazikuzima tena. Lakini waya ulikuwa unapata moto, plastiki inanuka, na siku yoyote ungeweza kuwasha gari zima pamoja na waliomo.

Benjamin alizijua siri zote. Hakuitoa hata moja. Aliamini fundi ni kama padri.

Dorika hakuamini hivyo. Alimfuata karakana. Maneno aliyomwambia Benjamin anayasema mwenyewe leo bila aibu: "Aliniambia, 'Benjamin, unazificha taa za watu kwa waya mwekundu. Siku mmoja wao akiungua, na jeneza utalificha?' Nilimfukuza karakana. Nilimfukuza kweli. Sikulala vizuri mpaka nilipomwita arudi."

Pembeni mwa stendi ya Manyoni kulikuwa na ghala la alizeti, ukuta wake mrefu, umechakaa. Dorika na Loyce waliupaka chokaa wenyewe, mikono imewababuka. Kisha Dorika akachora kwa mkaa mistari miwili, kwenye kimo cha taa za gari. Akaenda mbele ya mzee Mazengo na madereva wote, akasema:

"Mzee wangu, shikamoo. Nyinyi wengine, hamjambo. Kesho magharibi kila mwenye Kanga ailete hapa itazame ukuta. Benjamin atoe waya wake wa dairekti. Tuwashe fuli, tunywe chai. Taa zikibaki zinawaka, mimi nauza gari langu narudi Sepuka kulima mtama, hamtaniona tena stendi hii. Zikizima, mtaniambia nani alibonyeza swichi."

"Na chai ya nani?" Ezekieli akauliza.

"Yangu. Wewe lete hofu yako tu."

Baada ya maneno hayo, nani angekataa? Kukataa kulikuwa kukiri.

Wakaja. Wakajipanga wakitazama ukuta kama watu wanaosali. Benjamin akafungua boneti ya kwanza, akavuta waya mwekundu, akautupa chini, akaunga nyaya za kiwanda kwa muda. Akafungua ya pili, akautoa waya mwekundu. Ya tatu, mwekundu. Lundo la nyaya likakua pale chini kama matumbo ya mbuzi. Madereva wakawa wanatazamana, kila mmoja anamwona mwenzake kwa mara ya kwanza. "Na wewe?" "Na wewe?" Ezekieli alitaka kuondoka kwenda chooni. Mzee Mazengo akamwambia, "Kaa, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wakawasha fuli. Ukuta ukawa mchana. Chai ikapita, na maandazi. Philipo alikuja na magongo yake, akaketi kwenye kigoda karibu na Kanga ya Dorika, mguu wa hogo ameunyoosha mbele kama mzinga. Alikuja kucheka.

Chai ikaisha kwenye vikombe. Taa zikawa zinawaka tu. Ezekieli akapata nguvu, akaanza: "Shemeji, Sepuka mtama unalimwa mwezi wa ngapi? Nikusaidie kubeba jembe?"

Dorika alikuwa amesimama mbele ya Philipo, mikono ameifumbata kwenye kitenge.

"Ka!"

Kanga ya Dorika. Kipande chake cha ukuta kikazimika.

Philipo akaruka, akasahau ana mguu mmoja. "Ndiyo hiyo! Ndiyo sauti yenyewe! Ndiyo niliyosikia!" Akamtazama Dorika, aliyesimama mbali na swichi yoyote. "Mama Loyce... mikono yako iko wapi?"

"Iko hapa, Philipo. Na siku ile ilikuwa kwenye usukani."

Ka, tena, upande wa pili. Ka, katikati. Ka. Ukuta ukawa unazimika vipande vipande, na la mwisho lilikuwa gari la Ezekieli, ambaye alikuwa bado ameshika kikombe. Giza likawa la magharibi tu. Hakuna aliyecheka. Mzee Mazengo akavua kofia. "Dorika Alute," akasema, sauti ikasikika hadi barabarani, "hukuzima taa. Tumekukosea. Zamu yako ni ya kwanza kesho."

Mtu mwingine angeridhika hapo. Jina limerudi, zamu imerudi. Dorika alisema, "Zamu nimeipokea. Taa je?"

Loyce alikuwa amerekodi yote kwa simu. Video ile ikazunguka kwenye makundi ya madereva. Yakaja majibu kutoka Tabora, kutoka Mbeya, kutoka Moshi: hata sisi. Na dereva mmoja wa Dar es Salaam akaleta habari kubwa. Huko yalikotengenezwa, kampuni ilishakiri kasoro hiyo. Ilishatoa wito: magari ya aina hiyo yarudishwe, yatengenezwe bure, kwa sababu kifaa kinachogawa umeme wa taa kinaungua ndani kwa joto. Wito ulitolewa. Wenye magari wa huko waliitwa, wakatengenezewa. Lakini yetu yalikuwa yameshavuka bahari. Wito ulibaki kule, magari yakaja huku.

Dorika akavaa gauni lake la kanisani, akaenda Dodoma kwa wakala wa kampuni hiyo. Loyce alikuwa naye. Akaonyesha video. Bwana wa mapokezi akaitazama mpaka mwisho, akasikitika kwa adabu, akasema, "Mama, tatizo hayo ni magari ya mtumba. Hatukuyauza sisi."

Dorika akamjibu maneno ambayo sasa yameandikwa nyuma ya magari mengi ya Manyoni: "Gari ndilo la mtumba, mwanangu. Abiria wangu si wa mtumba."

Alikaa pale mapokezini. Wakamletea maji, akashukuru, akakaa. Wakamwambia meneja ana kikao, akasema yeye hana. Mwishowe meneja akatoka, akatazama video, akaitazama tena. Akasema atauliza makao makuu. Dorika akarudi Manyoni. Kisha akarudi Dodoma. Kisha tena. Walinzi wakawa wanamwita shangazi.

Jibu likaja. Wito unayahusu magari yote ya aina hiyo, popote yalipo. Yatatengenezwa bure. Lakini kuna sharti: gari lililochezewa nyaya haliguswi, mpaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani.

Hapo kazi ikarudi kwa Benjamin. Nyaya alizozikata kwa siri sasa zilitakiwa kuungwa hadharani, moja moja, kwa rangi zake. Dorika alikwenda karakana, safari hii hakuwa na ukali. "Fundi, wewe ulitufunga. Tufungue." Benjamin alifanya kazi ile kwa siku nyingi, na madereva walimletea chakula. Hakuwatoza. Alisema, "Nilishalipwa kwa kuficha. Nitalipwaje tena kwa kufichua?"

Dorika aliomba jambo moja la mwisho, na alilipata: mafundi wa kampuni waje Manyoni. Alimwambia meneja, "Unataka yaje Dodoma bila taa? Yakipata ajali njiani nitakuletea video nyingine." Wakaja na vifaa vyao, wakafunga turubai pale pale mbele ya ukuta mweupe. Kila kifaa kilichotolewa kilikuwa kimebabuka, cha kahawia, kinanuka. Gari la kwanza kutengenezwa lilikuwa la Ezekieli. La mwisho lilikuwa la Dorika. Alisema mwenye sherehe hula mwisho.

Tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, stendi ya Manyoni ina desturi yake. Wanaiita kupiga ukuta. Gari linaloondoka jioni linageuzwa kwanza, linatazama chokaa ya Dorika, linawasha. Miduara miwili kwenye mistari miwili, safari njema. Mduara mmoja, teremka. Haijalishi ni Kanga au gari jingine. Abiria wenyewe sasa hawapandi gari ambalo halijapiga ukuta. Utasikia bibi anasema, "Mjukuu wangu, geuza kwanza." Kila mwaka Dorika aliupaka upya, na kila mwaka Philipo alimsaidia, akichechemea, akidai alipwe kuku wake.

Sasa turudi Jumamosi.

Familia ilikuwa imeamua Dorika alale Kilimatinde, karibu na Chediel. Aliyejitolea kumbeba ni Ezekieli. Siku hizi ana pikapu. Aliiosha, akaipamba kwa maua. Jeneza likapakiwa. Ezekieli akawasha injini.

Loyce akaja kusimama mbele ya pikapu. "Shikamoo, baba Ezekieli."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena. Twende, tunachelewa."

"Hujapiga ukuta."

Ezekieli akatazama juu. "Mwanangu, ni saa saba mchana. Jua hili lote!"

"Mama hakuuliza saa."

Watu wakanong'ona. Mzee mmoja wa ukoo akasema marehemu hacheleweshwi. Simu kutoka Kilimatinde ikaita, mchungaji anauliza mko wapi. Mzee Mazengo, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono, akainua fimbo yake kidogo. "Geuza, Ezekieli."

Akageuza. Pikapu ikatazama ukuta, na Dorika mgongoni mwake. Akawasha. Jua lilikuwa kali, chokaa inameremeta, hakuna kilichoonekana. Ndipo Aneth akafungua kitenge chake akakiinua juu. Mwanamke wa pili akainua chake. Wanakwaya wakainua vyao. Wakashikana, kitenge kwa kitenge, mpaka kivuli kikaanguka ukutani, magharibi ya kutengenezwa kwa mikono ya wanawake.

Ndani ya kivuli kile ukaonekana mduara mmoja.

Mmoja tu.

Ezekieli aliteremka. Aliweka mikono kichwani, mwanaume mzima, akalia mbele za watu. "Nisamehe, shemeji," aliliambia jeneza. "Niliosha nje tu."

Loyce akasema, "Mama hapandi gari la jicho moja. Ameshapanda, lakini haendi."

Hakuna aliyeagiza. Benjamin alikuwa kwenye umati, shati jeupe la msiba, viatu vyeusi. Akakunja mikono. Akaingiza kichwa kwenye boneti. Alipotoka alikuwa ameshika waya mwekundu, mrefu, ambao mtu fulani alikuwa ameuvuta zamani kwenye pikapu ile. Kila dereva pale alijua: angeuunga huo huo dairekti, taa ingewaka muda ule ule, msafara uende, mchungaji asubiri kidogo tu.

Benjamin aliutazama waya. Akalitazama jeneza. Akautupa chini ya ukuta. Akaomba bisibisi, akaomba sanduku lake liletwe kutoka karakana, akaanza upya, kwa rangi zake, kama kiwanda kilivyotaka. Vitenge havikushuka. Mikono ilipochoka, wengine walipokezana. Hakuna aliyenung'unika tena. Mzee wa ukoo aliyesema marehemu hacheleweshwi alikuwa ameshika pembe ya kitenge.

"Washa," Benjamin akasema.

Miduara miwili. Kwenye mistari miwili ya mkaa.

Kigelegele kikapigwa msibani, na hakuna aliyemkaripia aliyekipiga. Ezekieli aliendesha hadi Kilimatinde taa zote mbili zikiwaka juani, polepole, gia ya pili, na magari yote nyuma yake yalikuwa yameshapiga ukuta, moja baada ya jingine. Mchungaji alipowaona wanafika, hakuuliza walichelewa wapi. Aliziona taa.

Kwa Loyce, kwa wajukuu, kwa ukoo wa Alute wa Sepuka na wakwe zao wa Kilimatinde, kwa madereva wa stendi ya Manyoni, redio yenu inawapa pole nyingi. Mmempoteza mtu. Mkoa huu umepata mfano. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayetusikiliza, jiulize jambo moja. Ni kasoro gani unaijua, na mwenzako anaijua, na kila mmoja wenu ameivutia waya mwekundu wake gizani? Isemeni. Na kama unaendesha gari jioni hii, kabla hujashika barabara, tafuta ukuta. Geuza. Washa. Teremka uhesabu mwenyewe, moja, mbili. Zikitimia mbili, nenda salama. Ikiwa moja, zima injini, kaa chini, abiria watakuelewa. Wa Manyoni wamesubiri na jeneza.